Daftari la Tatu: maoni yenu juu ya shajara ya Che Guevara nchini Kongo

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

Kama uko Rhino Camp, kama uko Imvepi, kama uko kule Lobule wilayani Koboko, karibu. Na wewe uliyechelewa kuwasha redio kwa sababu ya foleni ya maji, karibu vilevile, hujapitwa na mengi. Hapa ni Dadamu, nje kidogo ya mji wa Arua, na leo nazungumza nawe mimi peke yangu.

Katika kipindi kilichopita tulisimulia habari za daftari moja la vita, tukaomba maoni yenu. Majibu yamekuja mengi kuliko tulivyotazamia. Mengine ni karatasi zilizokunjwa mara nne, mengine ujumbe wa simu, na wengine walimsimamisha mwenzetu njiani akiwa juu ya pikipiki wakamwambia la kutuambia. Asanteni. Siwezi kuyasoma yote, na majina yenu sitayataja.

Kwa ambaye hakusikia, habari yenyewe ni hii. Ernesto Che Guevara, mzaliwa wa Argentina, alipigana katika mapinduzi ya Kuba pamoja na Fidel Castro, kisha akawa waziri wa viwanda huko. Mwaka 1965 aliuacha uwaziri akaja Kongo kwa siri. Alipitia Dar es Salaam na Kigoma, akavuka ziwa Tanganyika, na tarehe 24 Aprili akashuka Kibamba, upande wa Fizi. Wale Wakuba walijipa majina ya Kiswahili ya kuhesabia ili wasitambulike: Víctor Dreke akaitwa Moja, mwenzake akaitwa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Walikuja kuwasaidia waasi ambao wazee wetu wanawakumbuka kwa jina la Simba. Baada ya miezi 7 mambo yaliharibika, na tarehe 21 Novemba Tatu akavuka ziwa kurudi Kigoma. Siku 3 baadaye Mobutu akatwaa madaraka. Tatu akajificha ndani ya ubalozi wa Kuba Dar es Salaam, akachukua kumbukumbu alizokuwa akiandika porini, akazifanya kitabu. Kitabu hicho kilikaa kabatini zaidi ya miaka 30. Kilipochapishwa mwaka 1999, mwenyewe alikuwa ameuawa Bolivia tangu Oktoba 1967.

Kipindi hiki hakina chama wala jeshi. Hatukulileta daftari hili ili kumsifu mtu. Nasema mapema, maana wako walioniuliza.

Naanza na mzee mmoja wa upande wa Baraka. Mzee amekasirika. Anasema mgeni huyu alipokewa, alipewa ugali na samaki wa ziwani, alitibiwa homa, halafu akaenda kuandika kwamba vijana wetu ni wavivu na waoga. "Na sisi," anauliza, "kama tungekuwa na kalamu siku zile, tungeandika nini juu yake?"

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kweli, maneno ya Tatu ni makali. Anaeleza wapiganaji waliotupa silaha na kukimbia, waliokunywa pombe vijijini, waliokataa kubeba mizigo wakisema wao si malori. Anaeleza wakubwa waliokaa mjini huku vijana wakikaa mlimani. Alimngoja Laurent Kabila, yule aliyekuja kuwa rais mwaka 1997, kwa wiki nyingi. Kabila alifika mwezi Julai, akakaa siku chache tu, akarudi Kigoma. Kiongozi mwingine aliyekuwa ameanza kuweka utaratibu, Leonard Mitoudidi, alizama ziwani mwezi Juni.

Lakini mzee, fungua upande wa pili wa daftari. Mtu huyu anaanza kitabu chake kwa kukiri kwamba anasimulia habari ya kushindwa. Wewe umewahi kumsikia mkuu wa vita, wa upande wowote, akianza hivyo? Na mwishoni anajihukumu mwenyewe. Anakiri kwamba alikuwa na hasira, kwamba alinyamaza pale alipopaswa kusema. Na kuna kosa moja ambalo mimi, mtu wa redio ya Kiswahili, nimelisoma mara mbili: hakujifunza Kiswahili vizuri. Kifaransa kilimfikisha kwa wakubwa, na askari wa kawaida hawakuwa na Kifaransa. Kwa hiyo miezi yote ile aliishi katikati ya watu ambao aliweza kuwaamuru kupitia mkalimani, asiweze kukaa nao jioni motoni akawasikia wanavyozungumza wao kwa wao. Ukijua hilo, yale maneno yake makali unayapima upya. Mtu akikuambia majirani zake ni wavivu, muulize kwanza kama anaelewa lugha yao.

Kwa hiyo swali la mzee linabaki palepale. Upande wa pili wa habari ile haukuandikwa.

Sasa dawa. Hapa barua ni nyingi, na nyingine zinacheka. Tatu anasimulia jinsi mganga alivyowapaka wapiganaji dawa ya kuzuia risasi. Masharti yalikuwa haya: usiguse mwanamke, usichukue kitu cha mtu, usiwe na woga. Aliyepigwa risasi akafa, basi alivunja sharti. Kijana mmoja wa Rhino Camp ameandika kwamba Wazungu hupenda kutucheka kwa mambo haya. Mama mmoja, mwenyeji wa hapa Arua, amemjibu bila kujua kwamba anamjibu. Anakumbusha kwamba Walugbara na Wakakwa walikuwa na maji ya Yakan, na mwaka 1919 watu walisimama dhidi ya serikali ya Waingereza wakiyategemea maji hayo. Mimi naongeza Maji Maji ya Tanganyika, mwaka 1905. Na ninyi wa Kivu mnawajua Mai-Mai kuliko mimi. Mimi sicheki. Tazama tu hilo sharti la woga: nani huenda vitani asiogope? Kijana akifa, kosa ni lake. Mganga haulizwi, na kamanda aliyempeleka haulizwi. Tatu aliliona hilo, akalieleza vizuri, ingawa naye aliwapeleka watu kwenye shambulio lisilokuwa tayari.

Shambulio hilo ni la Bendera, kwenye kituo cha umeme, tarehe 29 Juni. Wakuba 4 walikufa. Mmoja wao alikuwa na daftari lake mwilini. Adui alilichukua, akalisoma, na kuanzia hapo ikajulikana kwamba kuna Wakuba Kongo. Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu ya ujumbe wa msikilizaji mmoja wa Imvepi. Alikuwa mwalimu. Anasema aliandika kila siku kwa miaka 2, nani amekufa, nyumba ya nani imechomwa, na siku ya kuvuka mpaka alilitia daftari motoni kwa mikono yake. Aliogopa vizuizi vya njiani. Anauliza kama alikosea.

Ndugu mwalimu, hukukosea. Jina lililoandikwa linaweza kumuua aliyeandika na aliyeandikwa. Lakini sasa uko hapa, daftari la shule linapatikana sokoni, na kichwa chako hakikuungua. Anza na unayoyakumbuka. Majina ya walio hai na bado wako kule, yaache kwa sasa. Weka alama unayoijua wewe.

Mzee mwingine, huyu wa Arua mjini, anatukumbusha kwamba vita ile haikuwa ya Fizi peke yake. Serikali ya Obote iliwasaidia Simba, na njia mojawapo ilipita hapa West Nile. Mwezi Februari 1965 ndege za serikali ya Kongo zilirusha mabomu Paidha na Goli, ndani ya Uganda. Wakimbizi wa Kongo waliingia wilaya hii. Mwaka uliofuata, bungeni Kampala, Daudi Ocheng alisimama kuuliza juu ya dhahabu ya Kongo na akaunti ya benki ya Kanali Idi Amin. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, ikawa zamu ya watu wa West Nile kukimbilia Zaire na Sudan. Mzee anasema alilala miaka kadhaa kwa watu wa Aru, wakampa shamba, kwa hiyo Mkongo akija kuomba maji kwake hamwulizi karatasi. Nimempa mkono.

Vijana, na ninyi sikuwasahau. Mmoja ameuliza kama daftari hili linafundisha kupigana, maana picha ya Che ameiona kwenye fulana na kwenye vifuniko vya matope vya boda boda. Picha ile yenye kofia na nyota aliipiga Alberto Korda mwaka 1960, miaka 5 kabla ya Kongo. Mtu wa kwenye daftari hafanani naye. Anatetemeka kwa homa tangu wiki za mwanzo. Pumu inambana. Anaharisha. Viatu vinaisha. Mama yake anafariki mwezi Mei, na habari inamkuta porini, mbali na kaburi. Wakati mwingi hakuna vita yoyote: ni kungoja, kugombania chakula, kusuluhisha ugomvi wa Wakongo na wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakipigana pamoja nao. Ndiyo, wakimbizi walikuwemo, waliokimbia kwao tangu mwaka 1959 na kuambiwa kwamba njia ya kurudi nyumbani inapita katika vita ya jirani. Kijana, kama kuna mtu anakuja jioni kukuambia maneno kama hayo, ongea na mzazi wako, au na mtu wa ulinzi wa jamii unayemwamini.

Barua ya mwisho ni ya mama mmoja wa Lobule, ameandikiwa na mjukuu wake. Yeye alivuka ziwa Albert kwa mtumbwi kutoka Tchomia, akiwa na watoto, na mtumbwi haukuwatosha wote waliokuwa ufukweni. Tuliposimulia usiku ule wa Novemba, vyombo vichache, Wakuba wakipanda, wapiganaji wa Kongo wakisimama pale wakitumaini kuchukuliwa, alizima redio. Baadaye akaiwasha tena. Anasema: Tatu aliandika kwamba moyo ulimuuma, na mimi ninamwamini. Lakini wale waliobaki ufukweni walikuwa nani? Walikwenda wapi asubuhi?

Mama, daftari halisemi. Ninalojua ni habari ya mmoja tu, naye hakubaki. Freddy Ilanga alikuwa kijana mdogo aliyepewa kazi ya kumfundisha Tatu Kiswahili na kumtafsiria. Alipelekwa Kuba, akasoma, akawa daktari, akakaa miaka mingi bila habari za jamaa zake wa Kongo. Alifia huko mwaka 2005.

Nimemwomba mjukuu aendelee kumwandikia bibi yake, kuanzia ufuko wa Tchomia, na bibi amekubali kwa sharti kwamba tuisome taratibu. Ukurasa wa kwanza umeshafika hapa Dadamu. Nitausoma wiki ijayo, saa hii hii.

(Muziki unapanda.)