Fanya Juu, na Habari ya Karai
Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa chama



Nimetakiwa niseme habari ya chakula na mashamba ya kwetu, nami si bwana shamba. Kazi yangu ni majalada na mihuri. Walakini kwetu ni Ukambani, na mtu aliyezaliwa katika nchi ya kiangazi hawezi kusema kwamba habari hii haimhusu.

Wazee wetu walikuwa na desturi iitwayo mwethya. Mwenye kazi iliyomshinda aliwaita jirani, nao wakaja na majembe yao. Kesho naye alikwenda kwao vivyo hivyo. Katika miaka ya 1930 udongo wa Machakos ulikuwa ukichukuliwa na mvua, na Serikali ya wakati ule ikaona dawa ni kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 watu wakaenda Nairobi kwa wingi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, na amri ile ikalegezwa, ingawa yeye mwenyewe alihamishwa akapelekwa Lamu. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, wakachimba shingo upande. Ni katika miaka ya 1950, kazi ilipoachiwa vikundi vya mwethya vyenye viongozi wao wenyewe, ndipo ilipopamba moto. Na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake.

Maneno haya mawili, fanya juu, yameandikwa hivyo hivyo katika vitabu vya wageni, bila kufasiriwa. Mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Kazi hii ni ngumu kuliko kuutupa chini, mgongo wangu ni shahidi. Lakini tuta lile huzuia udongo ushukao na mvua, hata baada ya miaka kadhaa mteremko huwa kama ngazi, na maji hukaa shambani. Watu wa Machakos waliongezeka kama mara 5 kati ya miaka ya 1930 na 1990, na hata hivyo thamani ya mazao kwa kila mtu ilizidi, wala haikupungua.

Tena kuna bwawa la mchanga. Huko Utooni kikundi kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joshua Mukusya na wenzake kilishika kazi hii. Ukuta hujengwa juu ya mwamba, kukata mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake, jua lisiyafikie. Mto ukikauka, watu hufukua wakateka. Kandokando hupandwa mboga na miche ya miembe.

Sasa niungame. Kijijini kwetu kikundi kinajenga ukuta kama huo. Sharti lake ni kwamba kila nyumba itoe mtu siku moja kwa juma, kubeba mawe na mchanga. Sisi tulioajiriwa tulituma fedha kwa simu badala ya mtu, tukajiona tumemaliza. Fedha ikanunua saruji. Saruji ikangoja mawe. Mawe yakangoja mikono ya bibi vizee. Mifuko kadhaa ikaganda ghalani.

Mwezi wa Agosti mwaka jana nalikwenda na daftari, nikakague hesabu, maana nalidhani fedha imeliwa. Mama mwenyekiti akaniletea kitabu chake. Nikakisoma asubuhi nzima, nisione kosa la hata shilingi moja. Akasema, “Hesabu ni sawa, mwanangu. Kinachopungua ni mawe.” Akanipa karai. Nikabeba mpaka saa sita, nikaona haya kusema kwamba mikono imechubuka.

Basi nina mashauri mawili. La kwanza, wanachama watokao sehemu moja wapange livu zao kwa zamu, ili wakati wa kiangazi asikosekane mtu kazini kwao. La pili ni la fedha, nami najua halitampendeza kila mtu. Chama chetu, njaa ikiingia, hununua unga mjini kikaupeleka huko huko ambako mbaazi na ndengu ziliuzwa kwa bei ya hasara miezi michache kabla, kwa kuwa mwenye shamba alitaka karo. Kwa nini fedha ile isitoke wakati wa mavuno, ikanunua nafaka kwa vikundi vyenyewe, ikawekwa ghalani kwao? Mtu ataniuliza habari ya dumuzi. Nafaka ikikaushwa vema na kufungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Akina mama wa kwetu wameshaijua mifuko hiyo, kabla yetu.

Bwana Mwenyekiti, ukuta wetu umefika kimo cha kifua. Mimi nimeomba livu yangu mwezi wa Agosti, kabla ya mvua za Novemba, na wenzangu wawili wametia majina yao. Karatasi iko mezani kwa Bwana Katibu.