KUBASHIRI MIENENDO YA RAIA: FUNZO LA NCHI JIRANI

Dalili ya mvua ni mawingu. Tangu kale, mlinzi wa amani ametakiwa kuyasoma mawingu ya jamii kabla tufani haijavuma: soko lililofungwa mapema, kundi lililonyamaza ghafla askari alipopita, uvumi uliosafiri usiku. Siku hizi kazi hiyo imeanza kukabidhiwa kompyuta. Kila simu inayopigwa na kila neno linaloandikwa katika mitandao huacha alama. Alama za mamilioni ya watu zikikusanywa pamoja, wataalamu huzitumia kubashiri watu watakwenda wapi, wana hali gani, na huenda watatenda nini. Nchi jirani zimekwisha kuyaonja matunda ya elimu hii, matamu na machungu, na yafaa kila mwenye kuvaa sare ayatafakari.

Nchini Kenya, utafiti uliotangazwa mwaka 2012 ulichambua kumbukumbu za simu za watu wapatao milioni 15, zilizokusanywa kati ya Juni 2008 na Juni 2009. Majina yalikuwa yameondolewa. Mienendo ya wasafiri ililinganishwa na ramani ya malaria, ikadhihirika kwamba vimelea vingi husafirishwa na watu kutoka eneo la Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Kwa njia hiyo, wakuu wa afya wangeweza kujua mahali pa kuelekeza nguvu zao.

Nchini Rwanda nako, mwaka 2015 Joshua Blumenstock na wenzake walitangaza matokeo ya kuchambua kumbukumbu za simu za watu wapatao milioni 1.5. Waliwahoji watu 856 tu kuhusu mali zao, kisha kompyuta ikajifunza uhusiano uliopo kati ya matumizi ya simu na hali ya maisha. Makadirio ya umaskini yaliyopatikana kwa kila wilaya yalikaribiana na yale ya serikali, yaliyopatikana kwa kupita nyumba kwa nyumba.

Mafanikio hayo hayana ubishi. Hata hivyo, hapana budi itambuliwe kwamba tafiti zote mbili zilihusu umati, wala hazikumnyoshea kidole mtu mmoja. Kujua kwamba maelfu watasafiri si sawa na kujua kwamba fulani atatenda kosa.

Swali gumu zaidi ni la machafuko. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilieleza mwaka 2008 kwamba idara ya ujasusi ilikuwa imetoa tahadhari mapema, lakini vyombo vya dola havikujiandaa wala kushirikiana ipasavyo. Aidha, tume ilibainisha kwamba watu 405 miongoni mwa marehemu waliuawa kwa risasi. Habari zilikuwapo, kilichopungua ni maandalizi, ushirikiano na nidhamu katika kutumia nguvu. Hakuna kompyuta iwezayo kuziba pengo la namna hiyo.

Uchaguzi wa 2013 ulipokaribia, mradi uitwao Umati ulianzishwa mjini Nairobi mwaka 2012 ili kufuatilia maneno ya uchochezi katika mitandao. Waangalizi waliyasoma maandishi ya hadhara siku baada ya siku, kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha za makabila, kwa kuwa maneno ya hatari hufichwa katika mafumbo ambayo mashine haiyatambui. Maneno makali yalikutwa kwa wingi. Lakini machafuko ya kiasi cha 2007 hayakutokea. Ilidhihirika kwamba si kila aliyetukana mtandaoni alikuwa tayari kushika rungu, na si kila wingu huleta mvua.

Askari ambaye angewakamata wote walioonekana katika orodha kama hiyo angewatia hatiani maelfu wasio na kosa, na pengine yeye mwenyewe angeuwasha moto aliotumwa kuuzima. Hilo si la kudhaniwa tu. Huko Chicago, Marekani, polisi walitumia orodha ya kompyuta ya watu waliobashiriwa kuhusika na mauaji ya bunduki, ama kama wauaji ama kama wahanga. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba orodha ya awali haikupunguza mauaji, bali walioandikwa humo walielekea zaidi kukamatwa. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2019.

Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinakumbusha kwamba taarifa za raia ni amana.

Kwa hiyo, utabiri wa kompyuta upokewe kama tahadhari, usipokewe kamwe kama hukumu. Uongeze doria, uwapeleke viongozi kuzungumza na wazee na vijana, uandae magari ya wagonjwa. Lakini anayemkamata mtu lazima awe na ushahidi wa tendo la mtu huyo, kwa mujibu wa sheria. Mzee wa mtaa anayemwamini askari humweleza pia sababu ya hasira iliyopo, na imani hiyo hujengwa kwa haki itendwayo kila siku.