Maradhi ya Urithi na Haki ya Jamaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani! Alikuja bedui mmoja kwa Mtume (s.a.w.), moyo wake umeingia shaka kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Akaulizwa rangi ya ngamia wake. Akajibu kuwa ni wekundu, lakini akakiri kwamba wamo wa kijivu, huenda wamevutwa na asili ya nyuma. Akaambiwa kuwa mtoto wake naye huenda ni vivyo hivyo. Basi tulikwisha fundishwa zamani kwamba jambo laweza kufichika kwa wazazi likadhihiri kwa watoto.

Leo twazungumza juu ya urithi usiopendwa kutajwa, nao ni saratani. Saratani nyingi hazirithiwi. Katika zile za matiti, za urithi hukadiriwa kuwa 5 hadi 10 katika kila 100. Lakini penye urithi, hatari ni kubwa. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha mahali ilipo chembe moja ya urithi, ambayo baadaye iliitwa BRCA1. Kisha ikajulikana na ya pili, BRCA2. Katika kila wanawake 100 wenye kasoro hiyo, zaidi ya 60 hupata saratani ya matiti maishani mwao, na hatari ya vifuko vya mayai huongezeka pia. Kila mtoto, wa kiume au wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipokea kutoka kwa mzazi aliye nayo. Na mzazi huyo aweza kuwa baba. Hapa ndipo wengi hupotewa: huwahesabu wagonjwa wa upande wa mama peke yake, na shangazi aliyefariki kwa uvimbe wa titi hatajwi.

Tuuliziane, basi. Je, yupo jamaa aliyeugua titi kabla ya miaka 50? Yupo aliyeugua yote mawili, au mwanamume aliyepatwa na saratani hiyo? Yupo aliyekufa kwa maradhi ya vifuko vya mayai?

Twajua kwa nini wazee hunyamaza: wanahofia mabinti wasije wakakosa wachumba. Sitara ni jambo jema, lakini haikuwekwa imnyime binti wa kaka habari ya damu yake mwenyewe. Na wapo wasemao kwamba kupima ni kutafuta ghaibu. Sivyo. Kipimo cha damu au mate hakitaji siku ya mtu. Wenye kasoro wengine hawaugui kamwe. Humwezesha daktari kuanza mapema uchunguzi wa matiti, na pengine kushauri vifuko vya mayai viondolewe uzazi ukishakamilika.

Kipimo hicho hakipatikani katika kila hospitali, na gharama yake ni nzito kwa wengi. Ndiyo maana kwanza huulizwa daktari kama ukoo unahitaji. Ikiwezekana, huanza yule aliyekwisha ugua. Kasoro yake ikijulikana, jamaa hutafutiwa hiyo hiyo, na asiyekutwa nayo hurejea katika hatari ya watu wa kawaida.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.