Pipi Zisizolambwa

Leo twende Ufini, mwaka 1969, kwenye kiwanda cha vioo cha kijiji cha Nuutajärvi. Hebu vuta picha: bamba la kioo, na juu yake zimesimama pipi za kijiti, zimebanana, kila moja na rangi yake. Mtoto akipita hapo lazima anyooshe mkono. Lakini usilambe! Ni kioo kitupu, kuanzia kijiti hadi kichwa. Sanamu hii inaitwa Kisiwa cha Pipi, na aliyeibuni ni Oiva Toikka.

Siku hizo Wafini walisifika kwa vioo vya aina nyingine kabisa: vyembamba, vitulivu, visivyo na pambo. Hapo hapo Nuutajärvi kiongozi wa ubunifu alikuwa Kaj Franck, mtu aliyeamini kwamba chombo kisiwe na kitu cha ziada. Sasa fikiria, chini ya paa hilo hilo, mwenzake anatengeneza pipi.

Toikka alizaliwa mwaka 1931 karibu na mji wa Viipuri, Karelia. Vita vikaja, Wasovieti wakaitwaa sehemu hiyo, na Wafini zaidi ya 400,000 wakafungasha na kuhama. Familia yake ilikuwa humo. Kwao kukabaki ng'ambo ya mpaka.

Toikka alifika Nuutajärvi mwaka 1963, na mwaka uliofuata akatoa sahani iliyomletea jina. Kisa chake nakipenda kuliko hata zile pipi. Sahani za bei nafuu hazipulizwi. Kioo cha moto humiminwa ndani ya kalibu ya chuma, kikakandamizwa. Kalibu ina vipande, na pale vipande vinapokutana hubaki alama, kama mshono wa nguo iliyoshonwa haraka. Wengine wangehangaika kuusugua mshono ule. Toikka aliizungushia sahani matone madogo madogo ya kioo, mzunguko baada ya mzunguko, mshono ukapotelea humo. Akaiita Kastehelmi, yaani tone la umande. Ndiyo hiyo watu wanaipigia picha hadi leo, na chanzo chake ni kuficha kasoro ya kiwandani!

Halafu wakaja ndege wa kioo. Wa kwanza, Sieppo, alitoka mwaka 1972, na hadi mwisho Toikka alibuni zaidi ya aina 400. Hao hawatoki kwenye kalibu ya sahani, hupulizwa kwa mdomo. Fundi anachovya bomba refu la chuma tanurini, anachota kioo kilicholainika kama asali, kina joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Anapuliza huku akizungusha bomba, na hathubutu kuacha, maana akiacha tu tumbo la ndege linaning'inia upande mmoja. Mwenzake analeta tone jingine la moto, linabandikwa, linavutwa kwa koleo: tayari kichwa na mdomo. Kisha ndege anaingizwa kwenye tanuri la kupozea, apoe polepole, saa baada ya saa. Ukimharakisha, ngozi inapoa kabla ya moyo, na anapasuka.

Toikka hakuwa mpulizaji. Yeye alibuni, akasimama pembeni ya tanuri na kuelekeza, pumzi zikawa za mafundi. Majina yao wengi wetu hatutayasikia kamwe, na hilo linanikera kidogo.

Kiwanda cha Nuutajärvi, kilichoanzishwa mwaka 1793 Ufini ikiwa bado chini ya Uswidi, kilifungwa mwaka 2014. Toikka alifariki mwaka 2019. Ndege wanaendelea kupulizwa katika kijiji cha Iittala. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu akishika ndege hatazami rangi kwanza. Anampindua, anasoma maandishi yaliyochorwa tumboni: O. Toikka, na pembeni yake, kwa wale wa zamani, Nuutajärvi.