Masomo ya Sayansi kwa Watoto Wetu



Zama za Wabelgiji shule nyingi za Rwanda zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzee wa Nyamirambo aliona heri mwanawe awe dereva au mfanyi biashara kuliko arudi nyumbani na jina jingine. Hofu ile ilikuwa na sababu. Leo sababu imeondoka, na ESSI, shule ya sekondari ya sayansi ya Kiislamu, imo papo hapo Nyamirambo.

Mtoto amalizapo kidato cha tatu huchagua njia. Kwa miaka mingi aliyeshika hisabati, fizikia na kompyuta bila ya biolojia aliukuta mlango wa udaktari umefungwa, na wazazi walitambua hayo wakati machozi hayafai kitu. Tangu Septemba 2025 mafungu yale yameanza kuunganishwa, na aingiaye kidato cha nne katika sayansi aweza kusoma hisabati, fizikia, kemia na biolojia kwa pamoja.

Mzigo huo ni mzito, na binti huongezewa na kazi za nyumbani. Basi mama na akae na bintiye kabla ya fomu kujazwa, amwulize moyo wake wataka nini, na jioni ampunguzie ndoo za maji.