Musa Juu ya Nebo, na Mimi Bujumbura

Somo letu ni Kumbukumbu la Torati 34: Musa juu ya mlima Nebo anaitazama nchi, wala haruhusiwi kuingia. Nilikuwa nalihubiri somo hili bila kulielewa. Mwaka 2020 nililielewa.

Nilikuwa nafundisha Kifaransa Bujumbura. Kutoka hapa si hata kilomita 30, wengi wetu hatuhesabu kwamba ni ugenini. Jumatatu napita Kavimvira, Jumamosi narudi. Machi, kwa ajili ya korona, mpaka ukafungwa nikiwa upande ule, na mashati mawili ndani ya begi.

Tarehe 18 Machi Rais Tshisekedi akatangaza kufunga shule zote za Kongo. Burundi haikufunga. Basi watoto wangu wanne wakakaa nyumbani Mulongwe bila masomo, na baba yao anafundisha watoto wa wengine. Hesabu hiyo ilikataa kunitokea.

Sisi wa Uvira kipindupindu kilitufundisha zamani. Nikaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni mwa darasa. Wanafunzi wakacheka. Kule watu husalimiana kwa kukumbatiana, na mimi nimeweka mikono mgongoni kama askari! Mmoja wa mstari wa mbele akauliza: "Mwalimu, ni kweli Wakongomani ndio mlioleta ugonjwa?" Kesho yake mama yake akaja kuomba mtoto ahamishiwe nyuma, mbali na mimi. Nilikasirika siku tatu. Niliomba na hasira yangu hivyo hivyo, sikuwa na sala nyingine.

Usiku wa kuamkia 17 Aprili mto Mulongwe ukafurika. Ninyi mnaujua usiku ule kuliko mimi. Watu wetu walikufa, nyumba zikaenda na maji. Asubuhi nilisimama kando ya ziwa, Bujumbura, naiona milima yetu, na simu haipiti. Saa saba ndipo nilimpata mke wangu. "Baba Furaha, tuko wazima. Ukuta wa jikoni umeanguka. Kwa jirani wanazika." Jirani yule alisimama nami nilipomzika mama yangu. Nami sikuweza kuvuka hata kumshikia jembe.

Mwisho wa Juni Rais mpya wa Burundi, Évariste Ndayishimiye, akasema korona ni adui mkubwa wa nchi, na bei ya sabuni ya buluu ikashushwa. Siku zile yule mama akaja tena shuleni. Nilijiandaa kugombana. Akafungua kitenge, akatoa miche miwili ya sabuni. "Mwalimu, nasikia kwenu maji yaliharibu vitu. Malori ya mizigo yanapita. Tafuta dereva." Habari ya mtoto wake hakuitaja, wala mimi sikumkumbusha.

Dereva akafikisha. Mke wangu alipopiga simu akaniambia mche mmoja ameupeleka kwa jirani, wa pili ameukata vipande vinne, kila mtoto na chake. Kisha akauliza jina la huyo mama, apate kumtaja katika maombi ya jioni.

Sikulijua. Miezi yote ile nilikuwa nikimwita moyoni "yule mwanamke". Kesho yake nikamfuata mtoto kule nyuma nilikomweka, nikamuuliza mama yake anaitwa nani.