Barabara si ya mfadhili
Maneno yetu kwa vijana waliorudi Mubambiro



Munatuuliza: kwa nini tusifunge njia ya Goma–Sake, juu mradi wa vijana umekatwa? Hasira yenu ni ya haki. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Nyuma ya siku saba, Goma ikaingia mikononi mwa M23. Mwezi wa pili kambi zikabomolewa, mukarudi huku, mashamba ni pori, na mwalimu wa kushona haji tena. Sisi wa shirika tuna kosa letu: tulijua pesa inaisha, hatukuwaambia mapema. Mutusamehe.

Lakini muangalie Kakuma, Kenya. Mwezi wa tatu mwaka ule ule, wakimbizi waliandamana juu ya chakula kupunguzwa. Polisi wakafyatua risasi, watu wakaumia. Na hapa kwetu bunduki ni nyingi zaidi. Tena, aliyekata pesa hapiti njia ya Sake. Anayepita ni mama mwenye muzigo wa mihogo.

Basi tunaomba hivi. Mashini zilizobaki zisiuzwe. Anayejua kushona afundishe mwenzake. Tuanze likelemba ya kununua uzi na sindano. Sisi pia tutatoa. Barua kwa mfadhili tuiandike pamoja. Tutaipeleka wenyewe, na tutarudi kuwasomea jibu, hata likiwa «hapana».